India ni shirikisho, ila mkasi uko Delhi

Nafundisha sheria za katiba, na kila nikifika India wanafunzi wanakimbilia Jedwali la Saba, ile sehemu ya katiba inayogawa mamlaka ya kutunga sheria, kana kwamba majibu yote yako humo. Sawa, kuna orodha tatu: ya Delhi, yaani serikali kuu (ulinzi, mambo ya nje, reli, sarafu), ya majimbo (polisi, afya, ardhi, kilimo) na ya pamoja, na kitu kisichotajwa popote kinaenda Delhi. Kwenye ya pamoja sheria zikigongana, kwa kawaida ya Delhi ndo inashinda. Elimu ilikuwa ya majimbo, mwaka 1976 wakati wa hali ya hatari ikahamishiwa kwenye orodha ya pamoja.

Sasa angalia kilimo. Mwaka 2020 Delhi ikapitisha sheria tatu za soko la mazao, hoja yao eti biashara ya vyakula iko kwenye orodha ya pamoja, wakati kilimo na masoko ni vya majimbo! Wakulima wa Punjab na Haryana wakapiga kambi mipakani mwa Delhi kama mwaka mzima mpaka zikafutwa 2021, na lile swali la nani ana mamlaka mahakama haikuwahi kulimaliza.

Halafu Ibara ya 3, hii ndo inanitisha zaidi. Bunge la Delhi linaweza kukata jimbo kwa kura za kawaida tu, jimbo lenyewe linaulizwa maoni basi. Bunge la Andhra Pradesh liliukataa mswada wa kuligawa mapema 2014, na Telangana ikazaliwa Juni mwaka huohuo.

Na gavana si kama wenu Wakenya, huyu hapigiwi kura, anateuliwa na rais kwa ushauri wa serikali ya Delhi, mwenye kuendesha jimbo ni waziri kiongozi. Zamani gavana akiandika ripoti tu kwamba mambo yameharibika, Ibara ya 356 inatumika, serikali ya jimbo inaondoka na Delhi inatawala yenyewe, jimbo la Kerala yalishawakuta 1959. Kesi ya Bommai ya 1994 kwenye Mahakama ya Juu ndo ikaweka breki: kama kuna ubishi nani ana wabunge wengi, wahesabiwe bungeni siyo ikulu ya gavana. Ndo maana siku hizi serikali ya jimbo ikiyumba utaona chama kinawapakia wabunge wake kwenye basi kinaenda kuwafungia hotelini, simu wamenyang'anywa, wapinzani wasiwarubuni mpaka siku ya kura.