Kilomita 650, na Bado Mnataka Kuzimaliza kwa Siku Moja

Juzi nimepigiwa simu tena. Kijana mchangamfu, kikundi cha marafiki saba: wengine Oslo, wawili Birmingham, mmoja anakuja na ndege kutoka Dar. "Kaka, tunataka ile barabara ya pwani, Steinkjer mpaka Bodø. Tumepima kwenye ramani, ni kama kilomita 650. Tunaondoka alfajiri, usiku tunalala Bodø." Nikakaa kimya. Akadhani sijasikia. "Mbona Dar–Mbeya ni ndefu zaidi, na basi linafika siku hiyo hiyo?"

Naendesha vibasi vya watalii pwani ya Nordland, kaskazini mwa Norwei, na swali hili nimelijibu mpaka mke wangu analijibu kwa niaba yangu nikiwa bafuni. Leo naliandika. Atakayenipigia tena nitamtumia hapa.

Barabara hiyo ya pwani, Fv17, ambayo wenyewe wanaiita Kystriksveien, ichukulieni kama safari ya baharini yenye vipande vya lami katikati. Kuna pantoni sita: Holm–Vennesund, Horn–Andalsvågen, Forvik–Tjøtta, Levang–Nesna, Kilboghamn–Jektvik, Ågskardet–Forøy. Ya tatu na ya tano zinachukua karibu saa nzima kila moja. Ya mwisho ni dakika kumi hivi, hata kahawa haijapoa mmeshafika. Mtu aliyekulia Kigamboni au Likoni angenielewa mara moja, lakini cha ajabu wao ndio wanaonibishia zaidi, kwa sababu wakisikia pantoni wanafikiria ile inayokwenda na kurudi mchana kutwa. Huku ukiikosa moja, inayofuata inaweza kuwa baada ya saa moja, mbili, au zaidi. Na ya usiku, ikiondoka imeondoka.

"Kwa nini wasijenge madaraja, nchi yenye mafuta yote hayo?" Wamejenga. Daraja la Helgeland, pale Sandnessjøen, ni la 1991, lina mita 1,065, na kabla yake palikuwa na pantoni vilevile. Lakini fyodi hizi, yaani mikono ya bahari inayoingia katikati ya milima, zilichimbwa na barafu, si mito. Sognefjord kule kusini ina kina cha zaidi ya mita 1,300. Nguzo utaisimika wapi?

Sasa hesabu. Mwendo wa juu nje ya makazi kwa kawaida ni 80, mkiingia kijijini ni 50 au chini ya hapo, na barabara inakata kona kama inatafuta kitu ilichoangusha. Wastani wenu utakuwa 60 mkijitahidi. Ongezeni pantoni sita. Simu inaweza kuwapa muda wa kuvuka, lakini foleni haiijui. Pantoni nyingi hapa hazina kukata nafasi mapema: anayewahi ndiye anayepanda. Mwezi wa Julai mbele yenu kuna magari-nyumba kumi na manne, kila moja refu kama kontena, na mhudumu wa koti la njano anainua mkono kumsimamisha dereva aliye mbele yako tu. Nimeshakuwa huyo wa nyuma yake. Nilikuwa na wageni wanane na kibofu kimoja kilichokuwa kimeshindwa kuvumilia.

Halafu mnakuja na gari mbili! Hapa ndipo watu hawanisikilizi kabisa. Gari mbili kwenye foleni ya pantoni ni ndoa inayosubiri kuvunjika. La kwanza linapanda, la pili linaachwa. Kwa hiyo: mtulivu atangulie, mkimbiaji awe nyuma, maana mkimbiaji akiwa mbele mtamkuta ng'ambo amelala. Chakula kigawanywe katika magari yote mawili. Dawa vilevile. Na aliyevuka asubiri palepale, asijifanye shujaa wa kurudi kuwachukua wenzake, kwa sababu mtapishana katikati ya maji mkipungiana mikono.

Pesa je? Kwenye pantoni za kulipia, kamera inapiga picha kibao cha gari, na bili inamfuata mwenye gari au kampuni ya kukodisha, mara nyingi wiki kadhaa baadaye, wakati marafiki wameshatawanyika na kila mmoja "nitakutumia mwisho wa mwezi". Kusanyeni kabla ya kuwasha gari.

Mengine ya haraka. Leseni ya daraja B inaishia kwenye gari la viti tisa, cha dereva kikiwemo. Mkiwa kumi, msiniletee mambo ya kubanana. Pombe, mpaka ni 0.2 kwa elfu, yaani msiguse. Huku tunapita kulia, kwa hiyo anayetoka Dar asikabidhiwe usukani siku ya kwanza: kipilefti zao ni kipiraiti. Na ile barabara ya kwenye video, yenye mawimbi yanayoruka darajani, haiko njia hii. Ni Atlanterhavsveien, iko kusini magharibi mwa Trondheim, ilifunguliwa 1989, ina madaraja manane na urefu wa kilomita nane na ushee tu. Unaimaliza kabla hujapata redio.

Kuna jambo moja linalonichoma. Sehemu nyembamba za barabara zina vibao vya buluu vyenye herufi M. Ni mahali pa kupishana. Kikundi kinaona mlima, kinaona bahari, kinaona M, kinasimama kupiga picha dakika ishirini, mmoja amepanda juu ya boneti. Nyuma yenu kuna lori la samaki na mbele kuna basi la shule, na wote wawili sasa hawana pa kwenda. Wanorwei hawapigi honi, ndiyo maana mnadhani hawajakasirika.

Saa sasa. Mwaka juzi nilisafiri na marafiki zangu mwenyewe, bila malipo, kosa la kwanza. Usiku nikaandika kwenye kundi letu: "Kesho Forvik, pantoni ya saa tisa." Gari la pili lilikuwa na kijana wa rafiki yangu, amezaliwa Oslo, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, anajua hata methali. Lakini saa ya kichwani mwake ni ya Kinorwei. Saa tisa kwake ni 09:00. Walikurupuka bila kunywa chai, wakavuka asubuhi wakiwa na mahema yote na sufuria la pilau. Sisi tuliamka taratibu, tukawangoja. Tulipopigiana simu, pilau lilikuwa Tjøtta na sisi tulikuwa na ndizi mbili. Tangu siku hiyo naandika 15:00 kwa tarakimu, hata kwa mama yangu.

Na Juni hali ni mbaya zaidi. Saa zetu huanza jua linapochomoza, na Bodø kuanzia mwanzoni mwa Juni mpaka wiki ya kwanza ya Julai jua halichomozi, kwa sababu halikuzama. Mzee mmoja aliniuliza Magharibi ni lini, nikamwambia aulize msikitini, mimi ni dereva. Hatari yenyewe ni kwamba hamhisi usiku umeingia. Mnapiga soga kwenye mwanga, dereva anacheka, kumbe amekaa kwenye usukani tangu asubuhi. Jua halilali, lakini dereva analala, na pantoni pia.

Mkikaribia Bodø mtapita Saltstraumen, na hapa watu wa pwani wana faida. Ni mlango wa bahari wenye upana wa mita 150 hivi, na kila saa sita karibu mita za ujazo milioni 400 za maji zinalazimika kupenya hapo, kuingia au kutoka. Vimbunga vya maji vinazunguka mbele ya macho. Lakini mkifika maji yamesimama, mtaona dimbwi. "Ndio hii?" Ndiyo hii, ila mmekuja na ratiba ya ofisini. Mtu wa Pemba hahitaji maelezo: maji hujaa na kupwa, saa zinasogea kila siku, na bamvua si sawa na maji mafu. Angalieni jedwali la siku hiyo, na mkiweza njooni karibu na mwezi mpevu au mwandamo.

Basi siku ngapi? Nawaambia nne. Kusema kweli namba hiyo siiamini sana. Nimewahi kupita na kikundi chini ya Dada Saba, vilele saba vya kama mita elfu, kwa siku mbili za mvua. Hawakuona hata dada mmoja, mimi nikiapa kwamba wapo. Kikundi hicho kingefurahi zaidi na siku mbili. Kingine kilikwama Torghatten, ule mlima uliotoboka katikati, kikakaa siku nzima kwenye tundu kikipigwa na upepo, na wakasema ndiyo siku bora ya safari. Kuna nyakati nawaza kwamba kikundi kilichochoka kingepita E6, barabara kuu ya bara, kivuke Mstari wa Aktiki, ule wa kwenye ramani unaozunguka kaskazini ya mbali, juu ya milima ya Saltfjellet kwa gari, kilale mapema. Siwaambii wateja. Kisha tunapanda ile pantoni ya Jektvik, mstari huo huo tunauvuka juu ya maji, kila mtu anakimbilia ukingoni kulitafuta tufe la chuma linaloonyesha mstari huo ufukweni, na mimi nasahau nilichokuwa nikiwaza.

Yule kijana amenipigia tena jana. Wamejadiliana, wamekubali kuongeza muda. Sasa wanataka siku moja na nusu.