Je, wajua kwa nini kuongeza vihisi hakuzibi mapengo yote ya mtandao?

Mtandao wa vihisi visivyotumia waya, yaani vifaa vidogo vinavyofuatilia eneo na kuwasiliana kwa redio, ukiacha sehemu za eneo bila kuonekana, wengi hukimbilia kuongeza vihisi. Dawa hiyo inasaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa.

Chukua kiwanja cha mita 100 kwa 100, na vihisi ambavyo kila kimoja huona mita 10 kila upande. Vikipangwa kwa pembetatu sawa, mita 17.3 kati ya jirani na jirani, vihisi 39 hivi vinatosha, pamoja na vichache vya pembezoni. Vimwage hivyo hivyo 39 ovyo kutoka angani, na karibu asilimia 30 ya kiwanja itabaki wazi. Mwaga 100, na bado asilimia 4 hivi haionekani. Ni kama matone ya mvua kwenye sakafu kavu: ya mwanzo hulowesha pakavu, lakini kadiri sakafu inavyolowa, ndivyo tone jipya linavyoangukia palipokwisha kulowa. Kwa hiyo upungufu haupo kwenye idadi, upo kwenye mahali vihisi vilipoangukia.

Ndipo magurudumu yanapoingia: kihisi kiweze kusogea chenyewe kuziba pengo. Si lazima kihisi kizunguke kama mlinzi wa doria. Katika mbinu nyingi husogea mara chache, kisha hutulia.

Kitajuaje pa kwenda bila ramani ya eneo zima? Fikiria watu gizani, kila mmoja na taa yenye mwanga sawa. Kati yako na kila jirani, chora mpaka unaopita katikati yenu. Mipaka hiyo inakuzungushia poligoni yako, ile ya mchoro wa Voronoi, na ndani yake hakuna aliye karibu kuliko wewe. Basi kona ambayo mwanga wako hauifikii, hakuna taa nyingine inayoifikia. Ni jambo la kupendeza sana: pengo la mtandao mzima linagunduliwa kwa kupima kona zako tu. Kona ya mbali zaidi ikiwa mita 14, sogea mita 4 kuielekea, tangaza ulipo, majirani wachore upya. Hiyo ni duru moja.

Matatizo hujitokeza hapa. Kihisi huweza kuyumba huku na huko kila duru, kwa hiyo kizuiwe kurudi kilikotoka, na kisogee tu ikiwa eneo kinaloliona ndani ya poligoni yake litaongezeka. Redio ifike angalau mita 20, maradufu ya upeo wa kuona. Isipofika, kihisi humkosa jirani na kuchora mpaka wa uongo. Kosa la GPS la mita 3 au 5 ni kubwa mbele ya upeo wa mita 10. Na hesabu yote hudhani mduara kamili, ilhali ukuta au kichaka huukata.

Betri huliwa zaidi na magurudumu kuliko redio. Kwa hiyo ni afadhali vihisi vikokotoe duru zote vikiwa vimesimama, vibadilishane mahali pa kudhaniwa tu, halafu kila kimoja kiende moja kwa moja hadi kituo chake cha mwisho.