Barca ya Flick: acha kuwakodolea macho mabeki, mwangalie mwenye mpira

Kila Barcelona wakicheza napata meseji za aina moja, hawa mabeki wamerogwa au, mbona wanasimama karibu na duara la katikati wakati nyuma yao kuna shamba zima la kukimbilia? Jibu langu ni lile lile kila siku: macho yako yako sehemu siyo. Mi kazi yangu ni kurudia mechi, nasimamisha video, narudisha sekunde tano, naangalia tena, na nikishafika kwenye goli walilofungwa Barca kwa mpira wa mgongoni, yaani pasi inayotua nyuma ya mabeki, huwa siwaangalii mabeki kwanza. Namwangalia yule aliyepiga pasi. Alikuwa na nani mbele yake? Alinyanyua kichwa? Alipata muda wa kuuweka mpira vizuri mguuni? Hapo ndo goli lilipoanzia.

Turudi nyuma kidogo. Kocha Xavi aliondoka 2024 akiwa ameshawapa ligi ya 2022/23, msimu ambao waliruhusu magoli 20 tu kwenye mechi 38, hebu fikiria. Ilikuwa timu ya subira, mpira unazunguka, unarudi kwa kipa, unazunguka tena. Msimu uliofuata ukuta ukavuja wakamaliza wa pili, afu akaja Hansi Flick, ndo yule yule aliyekuwa benchi la Bayern siku ile Barca anakula 8-2 pale Lisbon Agosti 2020. Na wala hakubomoa kikosi. Jina kubwa lililoingia ni Dani Olmo, wengine karibu wote ni wale wale aliowakuta pamoja na watoto wa akademi.

Kilichobadilika ni nani anasimama wapi na mpira unaenda mbele baada ya pasi ngapi. Kwa Xavi tulizoea 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu), kwa Flick ni 4-2-3-1 (viungo wawili chini, watatu juu yao, straika mmoja), Pedri akashushwa chini awe mmoja wa viungo wawili wanaopokea mpira kutoka kwa mabeki, na hapo watu wengi (mi nikiwemo, nakiri) tulidhani anampoteza mtoto. Kumbe akiwa chini anauona uwanja wote mbele yake. Raphinha naye akatolewa pembeni, kwenye karatasi ni winga wa kushoto lakini ukiangalia mechi anaingia ndani anakuwa kama straika wa pili, njia ya pembeni anamwachia beki wa kushoto, Balde. Mpira ukinaswa tu, pasi ya kwanza inatafuta mgongo wa mabeki. Magoli 102 ya ligi msimu wa 2024/25 yametoka humo.

Sasa tuje kwenye mstari wenyewe, yaani ule wa mabeki wanaosimama sambamba juu ili mkimbiaji wa upinzani aachwe nyuma yao, aotee. Sheria ya kuotea inaangalia sekunde moja tu, ile pasi inapoondoka mguuni mwa mpigaji. Ulipopokelea haijalishi, kinachohesabiwa ni ulipokuwa mpira ulipopigwa. Kwahiyo beki hashindani mbio na Mbappé, straika wa Real Madrid, angeshindana angekufa, anashindana na saa ya mpiga pasi. Mpiga pasi akibanwa atafanya moja kati ya mambo mawili, ataharakisha apige hovyo au atachelewa kidogo aguse tena, na huko kugusa tena ndo mtego wenyewe, maana mkimbiaji ameshaondoka, mabeki wamepiga hatua moja juu, mpira unakuja jamaa yuko nje ya mstari kwa bega. Ndo maana washambuliaji Raphinha, Lewandowski na Yamal walikuwa wanakabia juu kwa fujo vile, wale ndo mabeki wa kwanza wa mfumo huu. Na mtu akirudisha pasi nyuma au akipokea huku kaupa mgongo uwanja, mstari mzima unapanda pamoja, beki wa kati Iñigo Martínez ndo alikuwa anainua mkono na kupiga kelele, Cubarsí na Koundé na Balde wanamsoma yeye.

Mfano mzuri kuliko yote ni Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, Oktoba 26, 2024. Madrid waliotea mara 12, Mbappé peke yake 8, nyavu akazitikisa mara mbili na zote zikakataliwa. Kulikuwa na matukio ya sentimita kabisa, na msimu ule ndo La Liga ilianza kutumia ile teknolojia ya kamera za kupimia kuotea, kwahiyo mchezo wa bega na goti uliokuwa kamari kwa jicho la mshika kibendera ukawa mchezo unaofundishika. Kipindi cha pili Frenkie de Jong akaingia kumpokea Fermín, Barca wakatulia na mpira, ikaisha 4-0. Utamu zaidi ni goli la kwanza: kiungo wa Barca Casadó anapenyeza pasi, Lewandowski yuko sawa kwa sababu beki mmoja wa Madrid alichelewa kupanda na wenzake. Yaani silaha ya Barca ikawaua Madrid pande zote mbili.

Nilivyopagawa na ile mechi nikaenda kuwapa vijana ninaowafundisha kitu kile kile. Wiki nzima mazoezi ya kupanda, kamba chini, filimbi, panda, shuka, panda. Mechi ikafika tukala nne, zote za mgongoni, zote kama zimepigwa fotokopi. Niliporudia video ndo nikajiona mjinga: mabeki wangu walipanda vizuri tu, ila straika wangu alikuwa anatembea. Kiungo wao alipata muda wa kunyanyua kichwa, kuchagua, hata kubadilisha mawazo. Nilifundisha nusu ya somo.

Makocha wengine nao hawalali. Dawa ya kwanza iliyogunduliwa ni kumtumia straika kama chambo, anasimama makusudi sehemu ya kuotea bila kugusa mpira, anayekimbia kweli ni mtu anayetokea nyuma, beki wa pembeni au kiungo, huyo mstari haumnasi kwa sababu mpira unapopigwa bado hajauvuka mstari. Dawa ya pili ni kupata kona. Watu wanaizungumzia nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na Inter 2025 kana kwamba mstari ndo uliwatoa Barca, lakini mechi ya kwanza iliyoisha 3-3, magoli mawili ya Dumfries yalitokana na kona, na kwenye kona hakuna mstari wa kupandisha, kuna urefu na vifua. Marudiano kule Milano Inter wakashinda 4-3 baada ya dakika 120, na lile la Acerbi, beki wa Inter, dakika ya 93 ni krosi iliyomkuta beki wa kati kwenye boksi kama straika. Mi lile siwezi kulibebesha mfumo.

Msimu wa 2025/26 ndo mfumo ulianza kuyumba kweli. Iñigo alienda Al-Nassr Agosti, mkono wa kuinua ukaondoka, mechi za mwanzo unaona watatu wamepanda mmoja kabaki, na mmoja akibaki wote mmebaki. Watu wakaishia hapo. Ila mi naona pigo kubwa zaidi ni Raphinha kuumia mwishoni mwa Septemba, kwa sababu presha ya mbele ilikuwa inaanzia miguuni kwake. Oktoba 5 Sevilla akawapiga 4-1, na mpira wa kwanza kutoka nyuma ulikuwa unapita bila hata mtu kuguswa.

Afu ikaja Oktoba 26 tena, Bernabéu tena, mwaka mmoja kamili. Dakika ya 22 kiungo wa Madrid Bellingham anapata mpira, anapenyeza, Mbappé anakimbia, goli, na safari hii hajaotea. Ikaisha 2-1 kwa Madrid. Mabeki wa Barca walisimama pale pale walipokuwa wanasimama mwaka uliopita, mstari haujashuka. Simamisha video Bellingham anapojiandaa kupiga, usiguse kitu, tafuta tu mchezaji wa Barca aliye karibu naye, kisha fungua ile ya 2024 uhesabu tena.