Spishi mpya ya bakteria wa utumbo: maana yake na jinsi inavyothibitishwa

Bakteria akitangazwa kuwa wa spishi mpya, si kwamba amezuka juzi. Huenda ameishi matumboni mwa watu tangu enzi na enzi. Kilicho kipya ni kwamba mtu amefaulu kumtenga peke yake, akamlinganisha na jamaa zake wanaojulikana, akaonyesha kuwa hayumo katika spishi ya yeyote kati yao, kisha akampa jina kwa kufuata kanuni. Darubini peke yake haitoshi, maana bakteria wengi ni vifimbo na viduara vinavyofanana mno.

Mfano mzuri ni Akkermansia muciniphila, aliyeelezwa mwaka 2004 na Muriel Derrien na wenzake wa Wageningen, Uholanzi. Walitaka kujua ni bakteria gani anayekula musini, ile protini yenye sukari nyingi inayoupa ute wa utumbo uzito na utelezi. Basi wakaandaa mirija isiyo na oksijeni, ambayo chakula pekee ndani yake kilikuwa musini. Wakatia kinyesi kidogo katika mrija wa kwanza, wakachota kidogo humo na kutia katika wa pili, na kuendelea hivyo mpaka mirija ya mwisho isiote kitu. Mrija wa mwisho unaoota ndio wa thamani, kwa sababu waliofika huko ni wale waliokuwa wengi kuliko wote. Napenda sana mbinu hii: bakteria anachaguliwa kwa chakula anachokiweza, na wasiokiweza wanabaki njiani.

Baada ya kumtenga, husomwa jeni ya 16S. Ina herufi za DNA zipatazo 1,500, kila bakteria anayo, na hubadilika polepole, kwa hiyo inaonyesha undugu. Siku hizi, mfanano wa chini ya asilimia 98.7 hivi na spishi zote zenye jina ni dalili nzito ya spishi mpya. Jamaa wa karibu wa yule wa Wageningen miongoni mwa wenye jina, Verrucomicrobium spinosum, alifanana naye kwa asilimia 92 tu. Pengo hilo lilikuwa kubwa mno kwa spishi peke yake, hivyo ikaundwa jenasi mpya, yaani kundi la juu ya spishi, ikapewa jina la mwanaikolojia Mholanzi wa vijidudu, Antoon Akkermans. Muciniphila ni mpenda musini.

Lakini 16S nayo ina mipaka. Zipo spishi zinazofanana kwa jeni hiyo zaidi ya asilimia 99, na bado jenomu zao, yaani DNA yao yote kwa jumla, zinaachana. Ndiyo maana sasa jenomu nzima hulinganishwa, na wastani wa mfanano ulio chini ya asilimia 95 au 96 huhesabiwa kuwa ni spishi nyingine. Tabia nazo huandikwa: Akkermansia ana umbo la yai, hajongei, na huota vizuri kwenye nyuzijoto 37.

Kwangu mimi, kiini cha kazi yote ni sharti linalofuata. Bakteria wenyewe, wakiwa hai, lazima wawekwe katika hifadhi za vijidudu za nchi mbili tofauti. Akkermansia yumo Marekani kwa namba ATCC BAA-835, na Ufaransa kwa namba CIP 107961. Mtafiti yeyote mwenye shaka anaweza kumwagiza, akamwotesha na kupima upya. Bila hilo, spishi ingesimama juu ya neno la mgunduzi tu.

Na hapo ndipo penye kazi kubwa iliyobaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 juu ya kinyesi cha Wahadzabe wa Tanzania, pamoja na watu wa Nepal na Marekani, ulipata zaidi ya jenomu 90,000 za bakteria, virusi na vijidudu vingine. Asilimia 44 hazikuwemo katika hazina za data zilizokuwepo. Jenomu hizo zimeunganishwa kutoka vipande vya DNA, bila kuotesha kijidudu chenyewe. Kwa kanuni za kawaida, bakteria wa namna hiyo hupewa jina la muda tu, lenye neno Candidatus mbele. Mwaka 2022 ulizinduliwa utaratibu mwingine, SeqCode, unaokubali jenomu yenye ubora wa kutosha iwe msingi wa jina. Ni hatua ya haki kwa bakteria wagumu kuotesha, lakini jenomu hailishwi musini ikaonekana kama itaota. Kwa hilo bado anahitajika bakteria hai ndani ya mrija.