Leontyne Price na mtaji wa sauti

Wanakwaya wanaokuja kwetu kujifunza uimbaji huuliza mapema sana: mwimbaji wa opera, yaani tamthilia inayoimbwa, anasikikaje ukumbi mzima bila kipaza sauti? Mimi huanza kwa kuwasikilizisha Leontyne Price, mwimbaji mweusi wa opera kutoka Marekani.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1927 huko Laurel, Mississippi, wakati sheria za kusini mwa Marekani zikiwatenga weusi na weupe. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mama yake alikuwa mkunga, na Jumapili aliimba kwaya. Ili binti yao apate piano, waliitoa gramafoni ya nyumbani iwe malipo ya kwanza. Akiwa bado msichana, alikwenda Jackson kumsikiliza Marian Anderson, mwimbaji mweusi aliyekuwa tayari na jina kubwa. Msichana akarudi nyumbani na ndoto.

Alisomea ualimu wa muziki Ohio, kisha akaingia chuo cha muziki cha Juilliard, New York, chini ya mwalimu Florence Page Kimball. Kimball alimfundisha jambo ambalo nalirudia kila muhula: imba kwa faida, usiguse mtaji. Maana yake ni hii: mtaji ni koo lako, faida ni pumzi na mwangwi. Misuli ya mbavu na tumbo huizuia pumzi isitoke yote kwa mkupuo. Koo huachwa wazi, na koromeo na mdomo hupangwa ili mwangwi wa ndani ya mwili uikuze sauti mpaka ivuke orkestra, kundi la wapiga ala. Hapo nyuzi za sauti zinafanya kazi bila kuumia. Anayelazimisha nguvu kooni hupata sauti kubwa leo, na kesho huamka sauti imekauka.

Mwaka 1955 aliimba opera ya Tosca kwenye televisheni ya NBC. Baadhi ya vituo vya kusini vikakataa kuirusha. Hakusubiri wabadilike. Alikwenda kuimba Vienna mwaka 1958, na mwaka 1960 akaimba opera ya Aida katika ukumbi wa La Scala, Milan. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa na kufanywa mtumwa Misri, na kwa maoni yangu hakuna aliyewahi kumpa heshima yake kama Price.

Tarehe 27 Januari 1961 aliingia jukwaa la Metropolitan Opera ya New York akiwa mhusika Leonora katika opera ya Il trovatore. Makofi ya mwisho yaliripotiwa kudumu dakika 42. Marian Anderson alikuwa amewafungulia waimbaji weusi mlango huo mwaka 1955, lakini kwa nafasi ndogo. Price alipita akiwa mhusika mkuu.

Mwaka huohuo, hata hivyo, mtaji uliguswa. Alikuwa akiimba opera ya La fanciulla del West sauti ilipoanza kumkatika jukwaani, katikati ya onyesho. Alimaliza sehemu hiyo akiyasema maneno badala ya kuyaimba, na mwimbaji mwingine akamalizia opera. Alikuwa amechoka. Akapumzika kabla ya kurudi, na tangu hapo akawa mwangalifu zaidi kuchagua kazi. Nawasihi viongozi wa kwaya walifikirie hili, hasa wanaompa soprano mmoja nyimbo zote za sikukuu pamoja na mazoezi ya kila jioni. Sauti iliyokauka haihitaji maombi na tangawizi peke yake. Inahitaji kunyamaza, na ikizidi wiki tatu imuone daktari wa koo.

Price aliagana na jukwaa la opera tarehe 3 Januari 1985, akiwa na miaka 57, tena kwa Aida. Itazame video yake. Baada ya wimbo ambao Aida anaililia nchi yake, ukumbi unalipuka. Makofi hayaishi, naye amesimama palepale, hainami wala hapungi mkono, macho yake yakianza kulowa.

Septemba 2001, akiwa na miaka 74, alirudi ukumbi wa Carnegie Hall kwenye tamasha la kuwakumbuka waliouawa katika mashambulizi ya New York mwezi huo. Aliimba wimbo wa kanisani.