Uzungumzi nafsia: riwaya inavyoingia moyoni mwa mhusika

Uzungumzi nafsia ni mhusika kujisemea mwenyewe, kwa sauti au moyoni, bila kutarajia jibu. Jukwaani, mwigizaji hana budi kutamka ndipo watazamaji wajue linalomkera. Riwaya haina shida hiyo: msimulizi hupenya kifuani mwa mhusika hata akiwa kafumba mdomo.

Tuseme Nyambura ameachishwa kazi Industrial Area asubuhi, na sasa yumo kwenye matatu ya Githurai. Mwandishi mvivu ataandika, "Nyambura alihuzunika sana," na msomaji asihisi chochote. Mwingine atatumia usemi halisi: "Nitawaambia nini nyumbani?" Nyambura alijiuliza. Huu ndio uzungumzi nafsia wanaopenda kuudondoa wanafunzi wa kidato cha nne, maana alama za kunukuu zinauanika peupe.

Mwandishi stadi ataandika hivi:

Alimpa makanga noti ya mia. Nyumbani atawaambia nini? Na kodi nayo, kesho kutwa ni tarehe tano! Makanga akamrudishia hamsini. Walipofika Roysambu, bado alikuwa ameikunja kiganjani.

Hakuna "alijiuliza", hakuna "aliwaza kwamba". Kiambishi a- katika "atawaambia" ni cha msimulizi, lakini swali ni la Nyambura. Hiyo "kesho kutwa" pia ni yake. Msimulizi hana kodi ya kulipa. Sauti mbili zimo katika sentensi moja, katikati ya usemi halisi na usemi wa taarifa. Halafu ile hamsini: hapo halijatajwa neno lolote la hisia, ila mkono umeshasema. Kwa maoni yangu, uhakiki wa darasani hupita haraka mno mahali kama hapa, kwa sababu hapana mbinu yenye jina la kuandika kwenye jibu.

Njia nyingine ni kumwachia mhusika asimulie mwenyewe, kama Kazimoto katika Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Mashaka yake tunayapata moja kwa moja, tena mengine afadhali angetuficha. Lakini nafsi ya kwanza ina bei yake. Ya moyoni mwa Sabina, mkewe, tunayajua kwa kadiri Kazimoto anavyoyaona au kuyabuni, na msomaji makini atamsoma Sabina akiwa na shaka kidogo na huyo anayemsimulia.