Je, wajua? Ile nyota "Pakanga" ya kwenye Ufunuo ni jina la mmea, na Chernobyl ni binamu yake tu

Kama umekulia kanisani hii lazima umeshaisikia. Mhubiri anafungua Ufunuo sura ya 8, anasoma habari za nyota kubwa iliyoanguka toka mbinguni jina lake Pakanga, theluthi ya maji ikawa chungu na watu wengi wakafa, halafu anafunga kitabu anawatazama anauliza, mnajua Chernobyl, ule mji wa Ukraini ambako kinu cha nyuklia kililipuka, maana yake nini? Pakanga! Kanisa zima kimyaaa. Mimi nilikuwa mdogo nikaogopa kweli, nikakaa na hilo jambo kichwani miaka na miaka, mpaka siku nilipokuja kuuona mmea wenyewe ndo nikaanza kufuatilia majina yake nikakuta mhubiri wetu alikuwa karibu karibu, ila sio penyewe.

Niliuona Ujerumani, umeota kando ya ukuta wa nyumba ya mwenyeji wangu, pale penye changarawe na jua kali. Ni kichaka cha kufika kiunoni hivi, shina la chini gumu kama mti, majani yamechanwachanwa na rangi yake sio kijani, ni kama mtu kayapaka majivu, au fedha ukiyaangalia jua likiwa limeinama. Ukilishika jani unasikia laini kama kitambaa cha flaneli. Hiyo fedha ni vinywele, vidogo mno, vimesimama kwa umbo la herufi T vikafunika jani lote, kazi yake kurudisha mwanga wa jua na kuzuia maji yasipotee, ndo maana unavumilia sehemu kavu ambazo mimea mingine inasinyaa. Mwenyeji akaniambia onja. Nikaonja. Aisee! Mimi nimekunywa mwarobaini tangu utotoni nikidhani hakuna chungu nisichokijua, kumbe bado. Nikanywa maji, nikala mkate, ulimi bado unalalamika.

Kitaalamu unaitwa Artemisia absinthium, jina alilouandikisha Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Nusu ya kwanza wengi wanaihusisha na Artemis, mungu mke wa Wagiriki wa kale. Nusu ya pili inatoka kwenye neno lao la huu mmea, apsinthos, na ndilo hilo hilo lililoandikwa kwenye Ufunuo wa Kigiriki kama jina la nyota, sisi tukasoma Pakanga.

Sasa Waingereza wanauita "wormwood", yaani ukilitafsiri neno kwa neno unapata mti wa minyoo. Utasema sawa, si walikuwa wanautumia kutoa minyoo tumboni? Ni kweli walikuwa wanautumia hivyo, lakini jina halikuanzia huko. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa "wermod", halina minyoo wala mti ndani yake, baadae watu wakawa hawalielewi tena wakaligeuza liwe kitu wanachokijua, na kwa vile dawa ya minyoo ilikuwepo tayari basi likanata hapo. Mambo haya hata sisi tunayafanya kila siku, neno geni likija tunalivuta mpaka lifanane na letu.

Wajerumani wao hawakuliharibu sana, wanasema Wermut. Na kama umewahi kukaa baa ukaona chupa ya vermouth, hiyo vermouth ni Wermut hiyo hiyo imepitia mdomo wa Kifaransa, divai iliyotiwa mimea ya jamii hii ili iwe na uchungu kidogo. Wana na msemo mtamu sana, wakiwa na furaha halafu kikatokea kitu kimoja cha kuitia doa wanasema ni tone la Wermut. Tone moja tu. Baada ya kuonja lile jani niliwaelewa kabisa.

Uswisi ndo ikatoka absinthe, pombe kali ya kijani inayotiwa mmea huu, ambayo Wafaransa waliipa jina la kike la kijini cha kijani, kwa sababu ya rangi na kwa yale waliyodai kinawafanyia vichwani. Mwaka 1905 huko Uswisi bwana mmoja, Jean Lanfray, akaua mkewe na wanae wawili, lawama yote ikaangukia absinthe japo siku hiyo alikuwa kanywa divai na brandi kibao. Uswisi wakaipiga marufuku 1910, Ufaransa 1915. Uswisi waliiruhusu tena 2005.

Turudi Chernobyl. Jamii hii ya artemisia ni ukoo mkubwa, hata ile inayolimwa kwetu kwa ajili ya dawa mseto ya malaria ni ya humo humo. Kwa Kiukraini pakanga yetu hii ya majani ya fedha inaitwa polyn. Chornobyl, ndivyo Waukraini wanavyolitamka Chernobyl, ni ndugu yake mwingine, Artemisia vulgaris, jani lake juu ni kijani, weupe uko chini tu, na shina lake linakuwa jeusijeusi, jina lenyewe linabeba neno la weusi. Mji ule ukaitwa kwa jina la huyo ndugu, mamia ya miaka kabla ya kinu kulipuka tarehe 26 Aprili 1986. Kwahiyo Mukraini akifungua Ufunuo 8:11 kwenye Biblia yake hakuti Chornobyl, anakuta Polyn.

Ila na wao hiyo aya iliwagusa, tena sana. Mwaka 2011, miaka 25 baada ya ajali, pale pale Chernobyl walizindua eneo la kumbukumbu lenye sanamu ya malaika wa tatu, yule wa Ufunuo 8 ambaye akipuliza ndo nyota inaanguka, anapuliza tarumbeta, imeundwa kwa nondo. Eneo hilo wakaliita Nyota Polyn.